Na Sweta?

Sehemu ya mia na arobaini na mbili, ya mwisho.
Miezi ishirini tumelishwa kijiko kwa kijiko
kila Alhamisi, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko la Oli,
shilingi elfu moja mlangoni,
jenereta nje ikikohoa.

Mimi ndiye mkalimani.
Naketi kando ya skrini, maikrofoni mkononi,
nawatia maneno ya Arua vinywani watu wa mbali.
Yule tajiri nilimpa sauti ya afisa forodha wa Vurra,
mama mkwe nikampa ya shangazi yangu Driciru
(marehemu; asingekataa, alipenda kusikika).
Mwisho nimeshautazama jana usiku, peke yangu,
daftari gotini. Najua nani anakufa.

Wamejaa mapema. Fundi Adriko
ameacha suruali ya mtu cherehanini, ina mguu mmoja.
Wanabishana hata kabla sijawasha:
Rosalba aolewe. Tajiri afungwe.
"Afe," anasema kijana wa muda wa maongezi.
"Afe polepole," anasema muuza mihogo,
na benchi zima linaafiki.

Candiru hasemi.
Benchi la tatu, kikapu mapajani,
kama Alhamisi zote.
Mumewe alivuka kwenda Ariwara kununua betri za redio
mwaka ule wa mvua ya mawe.
Redio ingali dirishani.

Basi nikawapa walichokuja kuchukua.
Pingu zikalia. Harusi ikafungwa.
Mtoto aliyeibwa akajulikana kwa baka la begani,
begani tena, sijui kwa nini huwa ni begani.
Vigelegele. Mshipa wa shingo ukanisimama.
Zilibaki dakika sita,
na Candiru akauliza, wala hakupaza sauti:

"Na sweta?"

Kibanda kikanyamaza mpaka nikasikia petroli ikiungua.

Sehemu ya tatu. Mvua. Kituo cha gari moshi.
Mkata tiketi, hata jina hakupewa,
alivua sweta yake ya kijani akamvika Rosalba:
"Utanirudishia."
"Nitakurudishia," akajibu Rosalba kwa kinywa changu,
na mimi, kwa kunogewa tu, nikaongeza "haki ya Mungu,"
ambayo haikuwamo.

Waliotunga walisahau. Mimi nilijua.
Katika zile dakika sita hamna sweta:
mna busu, mna behewa, kisha majina ya watu
yanapanda kama siafu ukutani.

Mtu hudhani watazamaji wanadai furaha.
Nimewatazama wao zaidi ya skrini, nawaambia si hiyo.
Furaha wangeishangilia wakaisahau kabla ya kufika kwa muuza chapati.
Wanataka aliyetamka neno
awe bado analikumbuka taa zikikaribia kuzimwa.

Wale wawili wakakaribiana kubusiana.
Nikavuta pumzi, nikadanganya.
"Ngoja," akasema Rosalba, midomo yake ikisema lingine,
"treni ikisimama kile kituo, nashuka kidogo.
Nina sweta ya mtu."
"Umeifua?" akauliza bwana harusi.
"Nimeifua. Na kifungo nimeshona."

"Kilikatika sehemu ya tisa!" Adriko akaruka juu.
"Niliwaambia! Kifungo cha pili kutoka juu!"
Na watu sabini wakashusha pumzi kwa pamoja,
mabati yakasikika yakipoa.

Candiru akainuka, akajifunga leso upya.
"Haya," akasema.
Hilo tu. Akatoka na kikapu chake.

Nilikuwa nikikunja waya
mtoto mmoja akanivuta shati:
"Na yule mbwa wa sehemu ya sabini,
aliyefungwa getini?"

Nikazima jenereta.
Wiki ya tatu sasa, kila nikipita sokoni
ananitazama, anangoja.